Bunduki sahihi ya Wafini na shamba la mkimbizi

Katika Kivu na Ituri, watoto wengi wanajua kutofautisha mlio wa bunduki ndogo na mlio wa silaha nzito bila kufundishwa na mtu. Lakini kuna aina moja ya bunduki ambayo wakaaji wengi hawajaiona kwa karibu. Ni ile ya kupiga shabaha. Inatoa risasi moja tu, kisha mpigaji anafungua komeo kwa mkono, ganda linatoka, anasukuma risasi nyingine ndani na kufunga tena. Ulaya na Marekani kuna watu wanaozilinganisha bunduki hizo kama wengine wanavyolinganisha baiskeli za mashindano: ipi ina mtutu mzuri, ipi ina komeo laini, ipi inapiga palepale risasi ya kwanza na ya kumi. Bei ya moja inaweza kufika dola elfu kadhaa.

Kati ya majina yanayotajwa sana katika mabishano hayo ni Sako, kiwanda cha mji wa Riihimäki nchini Finland, kilomita kama 70 kaskazini ya Helsinki. Historia yake inawagusa watu waliokimbia vita kuliko mtu anavyoweza kudhani. Kilianza kwa kutengeneza upya bunduki kuukuu zilizoachwa na Warusi. Kikapita mikononi mwa Msalaba Mwekundu. Na nchi yake, pamoja na usahihi wote wa bunduki zake, ilipoteza ardhi na kubaki na wakimbizi wa ndani zaidi ya 400,000.

Chuma cha zamani, mtutu mpya

Finland ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi hadi mwaka 1917. Ilipopata uhuru, ilibaki na bunduki nyingi za Kirusi za Mosin-Nagant, za mwaka 1891. Nusu ya kwanza ya jina hilo ni ya afisa wa Kirusi. Nusu ya pili ni ya ndugu wawili, mafundi wa Liège, Ubelgiji. Karibu na Liège, pale Herstal, ndipo kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Mauser hizo za Kibelgiji baadaye zilibebwa pia na askari wa Force Publique huku Kongo. Kwa hiyo bunduki ya mkulima wa Finland na ile ya askari wa Force Publique zilikuwa na undugu: zote mbili za komeo, zote mbili za risasi tano, na mafundi wa bonde moja la Ubelgiji walikuwa na mkono ndani yake.

Mafundi waliozilinganisha waliipa Mauser alama nyingi zaidi. Mauser ilibuniwa Oberndorf, Ujerumani, na komeo lake la mwaka 1898 linaigwa hata leo katika bunduki za wawindaji. Mosin-Nagant ilikuwa imara, haiogopi baridi wala uchafu, lakini komeo lake lilikuwa gumu, kifyatulio kizito, na kilengeo chake hakikutengenezwa kwa ajili ya mashindano.

Finland ilikuwa nchi maskini, haikuwa na pesa za kutupa kila kitu na kununua kipya. Kazi ya kuziboresha bunduki hizo ilifanywa na Suojeluskunta, walinzi wa kujitolea. Kikundi hicho kilikuwa upande mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1918, na majirani wengi waliokuwa upande wa pili hawakukipenda kwa miaka mingi. Mwaka 1921 karakana yake ilipangwa kama kiwanda, na mwaka 1927 ikahamia Riihimäki. Jina Sako limetokana na jina refu la karakana hiyo.

Mafundi walibakiza mwili wa chuma wa Kirusi, ule unaoshika komeo. Mtutu wakauondoa na kuweka mwingine mzito zaidi. Ile ya kwanza ilinunuliwa Uswisi. Wakalainisha kifyatulio. Wakabadilisha kilengeo, kikahesabu kwa mita. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa bunduki iitwayo m/28, na baada yake m/28-30, iliyotumiwa katika mashindano ya dunia ya kulenga shabaha yaliyofanyika Helsinki mwaka 1937.

Usahihi unatoka wapi

Wengi wanadhani bunduki sahihi ni ile yenye nguvu. Sivyo. Bunduki sahihi ni ile inayorudia jambo lilelile kila mara. Mtutu ukitetemeka namna moja leo na namna nyingine kesho, risasi haiwezi kwenda mahali pamoja. Ndani ya mtutu kuna michirizi inayozunguka ili risasi iende ikijizungusha, kama pia ya mtoto. Michirizi ikichongwa vibaya, mpigaji hodari hawezi kuirekebisha kwa macho yake.

Wapiga shabaha wanapima kwa pembe. Kipimo chao cha kawaida ni dakika moja ya pembe, ambayo kwa mita 100 ni kama milimita 29, na kwa mita 300 ni kama milimita 87. Katika mashindano ya mita 300, duara la katikati lenye alama 10 lina upana wa milimita 100. Ina maana kwamba bunduki yenye kosa la dakika moja ya pembe inabaki ndani ya duara hilo kwa shida, hata kama mpigaji mwenyewe hakukosea chochote. Milimita hizo chache ndizo watu wanazilipia bei kubwa.

Lakini duara la karatasi halina familia. Miaka miwili hivi tu baada ya mashindano ya Helsinki, bunduki hizohizo zilielekezwa kwa watu.

Mkulima wa Rautjärvi

Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1939, jeshi la Sovieti liliingia Finland. Vita hivyo, vinavyoitwa Vita vya Majira ya Baridi, vilidumu siku 105. Jina lililojulikana kuliko yote ni la Simo Häyhä, mkulima mfupi wa kimo kutoka Rautjärvi, karibu na mpaka. Alijiunga na Suojeluskunta akiwa kijana wa miaka 17, na alijulikana kwa kushinda mashindano ya shabaha ya kwao. Vitani alibeba m/28-30 isiyo na darubini. Alieleza kwamba darubini inamlazimisha mtu kuinua kichwa, na kioo chake kinaweza kung'aa juani.

Wanahesabu kwamba aliua zaidi ya askari 500. Idadi hiyo inatajwa mara nyingi kama matokeo ya mchezo. Lakini wale walikuwa wana wa watu, wengi wao vijana waliotumwa katika baridi kali bila kujua kwa nini. Tarehe 6 mwezi wa 3 mwaka 1940, risasi ilimpiga Häyhä mwenyewe na kuvunja taya lake. Alipata fahamu tarehe 13, siku ileile vita vilipomalizika.

Alipozinduka, mkataba ulikuwa umekwisha kuandikwa. Finland ilibaki nchi huru, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini ilipoteza sehemu kubwa ya Karelia, pamoja na Viipuri, mji wake wa pili kwa ukubwa. Mpaka mpya ulikata hata tarafa ya Rautjärvi. Bunduki sahihi ilisaidia kuchelewesha jeshi kubwa. Kurudisha Viipuri haikuweza.

Watu wenye ng'ombe na mizigo

Watu zaidi ya 400,000, zaidi ya mmoja kati ya kila Wafini kumi, waliacha nyumba zao. Walikuwa na siku chache tu. Wengine walipanda treni, wengine walitembea katika theluji wakiongoza ng'ombe. Vita vilipoanza tena mwaka 1941, jeshi la Finland, likipigana bega kwa bega na Ujerumani, lilirudi Karelia, na zaidi ya watu 250,000 walirudi vijijini wakajenga upya. Mwaka 1944 wakakimbia tena. Mkimbizi wa Masisi au wa Djugu aliyerudi kijijini, akapanda maharagwe, kisha akakimbia kabla ya kuvuna, haitaji kuelezwa hali hiyo.

Hawakuachwa miaka mingi kambini. Waliwekwa katika nyumba za wenyeji, na si kila mwenyeji aliwapokea vizuri. Walisema lahaja yao, na wengine walikuwa Waorthodoksi katika nchi ya Walutheri. Kuna waliotukanwa kuwa Warusi, wao waliokuwa wamepoteza kila kitu kwa sababu ya kuwa Wafini.

Mwaka 1945 bunge lilipitisha sheria ya ardhi. Mashamba yalikatwa kutoka ardhi ya serikali, ya kanisa, ya makampuni na ya wenye ardhi kubwa, yakapewa familia zilizohamishwa, askari waliorudi, wajane na yatima wa vita. Waliotoa ardhi walilipwa kwa hati za serikali, ambazo thamani yake ilishuka upesi. Wenye mali walitozwa kodi ya pekee ili waliopoteza walipwe fidia. Wengi walinung'unika, lakini kazi ilifanyika. Häyhä naye alipata shamba huko Ruokolahti, akafuga mbwa na kuwinda hadi uzeeni. Alikufa mwaka 2002, akiwa na miaka 96.

Kiwanda cha bunduki cha Msalaba Mwekundu

Mwaka 1944 Sovieti ilidai Suojeluskunta ivunjwe, na ikavunjwa. Swali likawa: kiwanda chake cha bunduki kitakwenda kwa nani? Ili kisichukuliwe, kilikabidhiwa kwa Msalaba Mwekundu wa Finland. Familia zinazoijua alama hiyo kwenye gari la wagonjwa zinaweza kushangaa, lakini kwa karibu miaka 18 shirika hilo lilikuwa mwenye kiwanda cha silaha. Katika miaka hiyo, Sako iligeukia bunduki za uwindaji na kuziuza nje, hasa Marekani. Mwaka 1962 kiliuzwa kwa kampuni ya Kifini ya kutengeneza nyaya. Kampuni hiyo iliungana na nyingine mwaka 1967 na kuwa Nokia, jina ambalo kila mtaa wa Goma na Bukavu ulilijua baadaye kwa sababu ya simu. Leo Sako iko chini ya Beretta ya Italia.

Silaha zote hazikurudishwa kwa utulivu. Mwishoni mwa vita, maafisa wa jeshi walificha maelfu ya bunduki sehemu mbalimbali za nchi. Siri ilipotoka, serikali ilifanya uchunguzi, na zaidi ya watu elfu moja walihukumiwa. Waliohukumiwa walionekana na wengi kama mashujaa, lakini silaha ziliondolewa mafichoni.

Sako na mwenzake wa Uingereza

Mwaka 1989 Sako ilitoa bunduki iitwayo TRG-21, na baada yake TRG-22. Hizo ndizo zinazolinganishwa leo na zile za Accuracy International ya Uingereza. Komeo la Mosin linainuliwa robo ya mzunguko na linashikwa na meno mawili. La TRG linainuliwa theluthi mbili tu ya hapo na lina meno matatu, hivyo mkono unafanya kazi fupi. Wafini wanategemea mwili mzito wa chuma na mtutu uliofuliwa kwa nyundo. Waingereza wanaufunga mwili wa bunduki juu ya chasisi ya alumini, ili unyevu na joto visiisogeze kama vinavyosogeza mbao. Zote mbili zina kitako kinachorekebishwa kulingana na mwili wa mpigaji.

Accuracy International nayo ilitoka uwanja wa michezo. Mmoja wa waanzilishi wake, Malcolm Cooper, alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 Los Angeles, na tena mwaka 1988 Seoul. Katika miaka hiyohiyo, jeshi la Uingereza lilichukua bunduki ya kampuni yake kwa ajili ya walengaji wake. Njia ni ileile iliyoonekana Finland: anayejua kugonga karatasi anaombwa kutengeneza kitu cha kugonga mtu. Chuma ni kilekile, na hakichagui kitakachowekwa mbele yake.

Leo Finland ina bunduki nyingi mikononi mwa raia, za kuwindia na za shabaha. Kila moja inahitaji kibali, na kila moja ina jina la mwenyewe kwenye daftari la polisi. Mtu akisikia mlio msituni, kwa kawaida anajua ni mwindaji.

Wakarelia wengi hawakurudi kwao tena, na huzuni yao ilibaki mpaka kwa wajukuu. Historia yao haimwambii mtu wa Kivu asahau kijiji chake. Mashamba yaliyoachwa Rutshuru yana wenyewe. Inachoonyesha ni kwamba nchi iliyokuwa na bunduki sahihi na wapigaji hodari haikupata amani kwa sababu hiyo. Iliipata pale vita vilipokoma kwa kweli, silaha zilipoandikwa daftarini, na familia iliyokimbia ilipopewa ardhi yenye hati, ikapanda, na ikavuna yenyewe.