Udongo wa Shamba la Bondeni

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto wa shule za msingi kwamba udongo ni wa aina tatu: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Kichanga hupitisha maji upesi mno, mfinyanzi huyazuia, na tifutifu, uliochanganyika vyote viwili pamoja na mboji, ndio bora kwa kilimo. Nilifundishwa hivyo nikiwa mtoto, nikafundishwa tena hivyo hivyo chuo cha ualimu, nami nikautungia mtihani. Mtoto aliyejibu "tifutifu" alipata alama yake. Jibu hilo si la uongo, lakini liliniponza, na walioumia kwa kosa langu walikuwa watoto.

Msimu wa 1978/79 nilikuwa mwalimu mkuu kijana katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilwa, upande wa bara, ambako ardhi huteremka kidogo kidogo kuelekea Mto Matandu. Tangu lilipotoka tamko la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kila shule ilitakiwa kuwa na shamba. Serikali ya kijiji ikatupa ekari tatu chini ya mteremko, mahali tambarare, pasipo mawe wala visiki vikubwa. Nilichukua konzi moja ya udongo ule, nikaulowesha mate, nikaufinyanga. Haukuwa mchanga, kwa maana ulishikana. Haukuwa mfinyanzi, kwa maana nilipojaribu kuuviringisha uwe kama uzi ulikatika. Ulikuwa wa kahawia iliyokoza, laini, wenye harufu nzuri. Nikawaambia wanafunzi wa darasa la saba: watoto wangu, tumepata tifutifu.

Tulipanda mahindi katikati ya Desemba. Hadi mwisho wa Januari yalikuwa yakipendeza. Februari mvua zikazidi, na mahindi yakaanza kuwa manjano kuanzia majani ya chini, yakadumaa yakiwa yanafika kiunoni, na mengine yakalala yenyewe bila upepo. Mashamba ya watu juu ya mteremko, kwenye kichanga chekundu ambacho kitabu hakikisifu, yalikuwa kijani kibichi. Nikafikiri kama wanavyofikiri wakubwa wote wenye shamba linalolimwa na wengine, kwamba kazi haikufanyika. Niliwachapa wavulana sita wa zamu ya palizi, viboko vinne kila mmoja, mbele ya wenzao. Kisha nikaamuru palizi nyingine siku ya Jumamosi, udongo ukiwa umelowa. Hilo lilikuwa kosa la pili, kwa sababu miguu na majembe viliushindilia udongo ukawa kama sakafu.

Jumamosi hiyo akapita bibi mmoja wa Kimatumbi akitoka kisimani. Nikamwamkia, akaitikia, akatua ndoo yake, akawatazama watoto kwa muda.

"Mwalimu, wanafanya nini hawa?"

"Wanapalilia, bibi. Mahindi yamekataa kwa uvivu wao."

Akaomba jembe. Hakuomba ruhusa ya kitu kingine. Akachimba shimo kati ya mistari miwili, mpaka lilipofika kina cha goti, akaniita nisogee. Juu palikuwa na udongo ule wa kahawia nilioupenda. Shubiri moja na nusu chini yake palianza madoa mekundu ya kutu, madogo kama punje za mtama. Chini zaidi udongo ulikuwa wa kijivu, rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji, na wenye harufu ya tope la mikoko. Tukiwa bado tunatazama, maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni mwa shimo, taratibu, hadi yakatuama.

"Haya yamelala hapa kila mwaka," alisema. "Mahindi yako yamesimama ndani ya maji, nawe unawapiga watoto."

Watu wakisikia habari za maji mashambani huku kwetu hufikiria mafuriko, kama yale ya Januari 2020 yaliyoua watu katika Wilaya ya Kilwa na kufagia mashamba. Maji ya bibi yule si hayo. Hayaonekani. Mtu anaweza kutembea juu yake na viatu vikavu. Yanapanda kutoka chini katika miezi ya mvua, yanajaza vitundu vyote ambavyo hewa ingekaa, na mizizi inakosa pumzi. Madoa mekundu ni chuma kilichomo udongoni: pale hewa inapofika hushika kutu, na pale isipofika kwa muda mrefu huyeyuka na kuacha kijivu. Kwa hiyo madoa hayo ni kumbukumbu ya mahali maji yanapopanda na kushuka mwaka hata mwaka, na mtu huweza kuyasoma hata wakati wa kiangazi, shimo likiwa kavu kabisa. Naitrojeni nayo hupotea katika udongo uliokosa hewa, na ndiyo maana mahindi huwa manjano hata kama umeyawekea mbolea ya chumvichumvi. Mpunga hauna shida hiyo, kwani ndani ya shina lake mna njia za hewa kutoka majanini hadi mizizini.

Nimeyaeleza haya kwa maneno ya kitaalamu niliyojifunza baadaye. Bibi alikwisha kuyajua yote, isipokuwa jina la naitrojeni.

Miaka mingi baadaye nilifurahi kugundua kwamba yuko mtaalamu aliyekuwa upande wake. Geoffrey Milne alikuwa mwanakemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, na katika miaka ya 1930 alizunguka nchi hii akitazama mashimo na kingo za barabara. Aliona kwamba udongo haukutawanyika ovyo. Kutoka kilimani hadi bondeni hufuatana kama pete za mnyororo: mwekundu juu, wa kichanga katikati, kisha ule uliolowa kidogo, na mwisho mbuga nyeusi. Mpangilio huo hurudiwa kila penye kilima na bonde. Aliuita "katena", neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na leo neno hilo linafundishwa duniani kote. Kwa hiyo tifutifu ya juu na tifutifu ya chini ni vitu viwili, hata kama konzi zake zinafanana mkononi. Mimi nilifundishwa kuuliza udongo umeundwa na nini. Sikufundishwa kuuliza umelala wapi, na maji yake yanakwenda wapi.

Nikitazama historia ya pwani yetu naona kwamba wengi walishindwa swali hilo hilo. Wageni wa zamani walitazama juu tu. Hans Mayr, aliyeandika habari za meli za Kireno zilizouteka na kuupora mji wa Kilwa mwaka 1505, alitaja udongo mwekundu na majani ya kijani, na bustani za watu. Si lawama, kwa kuwa hakuja kulima.

Wajerumani walikuja kulimisha. Tangu 1902, chini ya Gavana von Götzen, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja yaliyosimamiwa na majumbe na maakida. Vitabu vinaeleza vizuri habari za viboko na malipo duni. Jambo moja ambalo mkulima angeliongeza ni siku. Ardhi ya mabondeni ina siku chache tu za kuingilika kwa jembe: kabla ya siku hizo ni tope, na baada yake jua huifanya ngumu. Ukimtoa mtu kwake katika siku hizo, hata kama ni siku mbili kwa juma, umechukua chakula cha mwaka mzima. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbini, waling'oa miche ya pamba, na ndipo ilipoanza Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na vita ikaendelea hadi 1907. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Waingereza walikuja na karanga. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitazama ardhi kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza ekari 3,210,000, na sehemu kubwa ya hizo ilikusudiwa iwe upande wetu wa kusini. Kongwa, walikoanza mwaka 1947, mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, karanga hazikung'oleka. Nachingwea nako walipata kidogo kuliko walivyoahidi. Januari 1951 mpango ukaachwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Huku kwetu yakabaki Bandari ya Mtwara na tuta la reli iliyofungwa mapema miaka ya 1960. Taarifa ya safari ya Milne, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1942, ilichapishwa mwaka 1947, trekta zikiwa zimekwisha kuingia porini.

Ni rahisi kuwacheka Waingereza. Sisi wenyewe, baada ya mafuriko ya 1968, tuliwahamisha watu wa bonde la Rufiji hadi nchi ya juu, wakabaki wakivuka kurudi kwenye mashamba yao ya zamani kwa sababu huko ndiko udongo uliko. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na wote wawe wamehamia kabla ya mwisho wa 1976. Nilikuwa kada mwaminifu, na hadi leo nakubali kwamba shule yangu isingekuwapo bila kijiji, wala zahanati. Lakini nyumba zilipangwa kwa kamba kando ya barabara, na mashamba yakagawanywa kwa kamba vilevile, na kamba haijui penye maji.

Nilimwuliza bibi yule alijuaje. Akanijibu bila hasira kwamba shamba lile lilikuwa lake. Alilima mpunga pale, kama mama yake alivyolima, mpaka walipohamishwa. Waliogawa ardhi walikuta halina mtu, wakaipa shule. Yeye alipewa ekari moja juu, kwenye kichanga.

Msimu uliofuata nilimwomba atuelekeze. Tulipanda mpunga sehemu ya chini, viazi vitamu juu ya matuta marefu katikati, na mtama ukingoni kwenye mwinuko. Tulivuna, tukampelekea magunia mawili ya mpunga, akayapokea. Niliiandikia serikali ya kijiji kuomba arudishiwe walau ekari moja ya chini. Sikujibiwa, nami sikuandika tena. Nilikuwa kijana mwenye cheo kipya, na shamba la shule lilikuwa likisifiwa.

Mwaka 2021 nilipita kijiji kile kwenda msibani. Bibi alikwisha kufariki zamani. Mmoja wa wale wavulana sita, sasa mzee mwenye wajukuu, analima kando ya shamba lile, na akanichukua nikaone. Alikuwa amechimba mfereji wa kina cha paja ukingoni mwa mpunga wake, na kwenye ukuta wa mfereji yale madoa ya kutu yalionekana wazi, juu ya kijivu, kwa urefu ule ule. Nikamwambia kwamba nilimchapa bure, na kwamba nilipaswa kumwomba radhi miaka arobaini iliyopita.

"Ah, Mwalimu, yale?" akasema. "Yamepita." Lakini aliyasema akitazama mfereji, na tukasimama pale kwa muda kabla hajaanza kunionyesha mpunga.