Kabla Kengele Haijafika: Tarehe ya Wakristo wa Kitai na Kigonsera

Ukitoka Songea kwa barabara ya Mbinga, ukaipita njia panda ya Peramiho, utafika Kitai, mahali ambapo njia nyingine inachepuka kuteremka Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Msafiri wa leo anaijua Kitai kwa gereza lake na kwa malori ya makaa ya mawe yatokayo Ngaka. Ukiendelea mbele na lami unaikuta Kigonsera, misioni kongwe kuliko zote za upande huu. Kati ya vituo hivyo viwili kuna vijiji ambavyo Jumapili asubuhi vinaamshwa na rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni na kugongwa kwa chuma. Hiyo ndiyo kengele ya kigango, na anayeigonga ni mrithi wa watu ambao tarehe hii inawahusu.

Vitabu vingi vya jubilei huanza na padre aliyeshuka kutoka Ulaya. Sina ugomvi na mapadre. Nasema tu kwamba ukiyafuata mambo mwaka hadi mwaka, utaona padre alikuwa akipita, na walimu wa dini ndio waliobaki.

Dini ya Kristo iliingia nchi hii kwa milango miwili. Wa kwanza ulikuwa ziwani. Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, waliweka makao Kisiwani Likoma mwaka 1885, na kutoka huko meli yao ndogo, Charles Janson, ikawa inapita vijiji vya ufuko wa mashariki ikishusha walimu na kuwachukua wagonjwa. Mtu wao mkubwa alikuwa William Percival Johnson, msomi wa Oxford ambaye macho yalimsumbua karibu maisha yake yote ya umisionari, lakini hakukubali kurudi kukaa Uingereza. Alizeeka akizunguka vijiji vya ziwani, akala walichokula wenyeji, akafariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hapo. Wanyasa wa Liuli hawahitaji kitabu kuwaambia Johnson alikuwa nani.

Mlango wa pili ulifunguka kutoka mashariki. Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa wa Bavaria, walianza Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 misioni yao hiyo ikateketezwa katika vita vya Abushiri. Walijikusanya upya Dar es Salaam, wakaingia kusini hatua kwa hatua: Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao, na mwaka 1898 Padre Cassian Spiss, mzaliwa wa Tyrol huko Austria, akafika Ungoni na kuanzisha Peramiho. Mwaka uliofuata, 1899, Kigonsera ikazaliwa. Padre Johannes Häfliger, mmoja wa waliofanya kazi huko miaka ya mwanzo, alijifunza Kimatengo kiasi cha kukiandikia kamusi iliyochapwa mwaka 1909. Spiss naye alikwisha kutoa kitabu cha sarufi ya Kingoni na Kisutu mwaka 1904. Wamisionari wale walizisoma lugha za wenyeji kwa bidii, kisha darasani wakafundisha Kiswahili. Ndiyo maana Mngoni wa Peramiho, Mmatengo wa Kigonsera na Mnyasa aliyepanda kutoka Lituhi waliweza kusali pamoja tangu mwanzo.

Ifahamike kwamba misioni haikufika nchi iliyotulia. Boma la Wajerumani lilikuwa limejengwa Songea mwaka 1897, mwaka mmoja tu kabla ya Peramiho. Kwa macho ya mwenyeji, askari na padre walikuja kwa njia moja, rangi moja na lugha moja. Nkosi Mputa Gama, wa Wangoni wa Njelu, aliwapokea watawa kwa tahadhari ya mtawala aliyekwisha kuona bunduki. Yeye na wazee wake waliendelea kuwatambikia mahoka, roho za mababu, na padre mmoja wa Peramiho akaichoma moto nyumba ya mahoka ya nkosi. Kosa hilo lilikuwa kubwa. Nyumba ya nyasi hujengwa upya kwa siku chache, lakini mtawala aliyedhalilishwa mbele ya watu wake hasahau.

Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, moto ukarudi kwa waliouwasha. Tarehe 14 Agosti, Spiss, ambaye tangu 1902 alikuwa askofu, aliuawa Mikukuyumbu karibu na Liwale akiwa safarini kutoka Kilwa kuja Peramiho. Pamoja naye walikufa mabradha Andreas na Gabriel, na masista Felicitas na Cordula. Wiki chache baadaye Wangoni nao waliingia vitani, na Peramiho ikachomwa. Wamatengo wengi hawakujiunga. Kwao Wangoni walikuwa maadui wa zamani waliowapandisha milimani, na kumbukumbu ya mapigano yao wenyewe na Wajerumani kule Litembo mwaka 1902 ilikuwa bado mbichi.

Linalofuata halisemwi sana mimbarini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea makumi ya viongozi wa Wangoni, Mputa akiwa mmojawao. Siku za mwisho gerezani padre aliingia kuwafundisha, na wengi wao, Mputa pamoja nao, wakakubali kubatizwa kabla ya kwenda kwenye kitanzi. Ubatizo huo wa wakuu wa nchi, wakiwa minyororoni, ni sehemu ya mwanzo wa Kanisa la Ungoni, tupende tusipende. Walitafuta nini? Wengine labda uzima wa milele, wengine maziko ya heshima, wengine kumridhisha mtu pekee aliyewajia bila bunduki. Kila mwaka tarehe hiyo mashujaa hukumbukwa Songea kwa ngoma na hotuba. Ubatizo wao hutajwa kwa sauti ya chini, nami naona ungestahili kuzungumzwa wazi, na Kanisa lenyewe likitangulia.

Baada ya vita ikaja njaa. Mashamba yalichomwa, maghala yakamwagwa, watu wakala mizizi ya porini. Misioni ilijengwa upya ikiwa na yatima wengi waliohitaji chakula, na wengi wa wanafunzi wa kwanza wa kweli walitoka katika kundi hilo: watoto wasio na shangazi wala mjomba wa kuwauliza kwa nini wameacha mahoka. Wana wa wakuu nao walianza kupelekwa shuleni, kwa kuwa wazazi wao walikuwa wameona kwa macho kwamba mkuki umeshindwa na sasa nguvu imehamia kwenye karatasi.

Hapo ndipo mwalimu wa dini anapoingia kwa uzito wake wote. Misioni ilikuwa na mapadre wawili watatu, na nchi ilikuwa ya kutembea siku nyingi kwa miguu. Basi kijana aliyehitimu alitumwa kijijini. Mkuu wa kijiji alionyesha kiwanja, watu wakasimamisha miti, wakaezeka nyasi, wakakandika udongo, na jengo hilo moja likawa shule Jumatatu na kanisa Jumapili. Asubuhi mwalimu alifundisha herufi na hesabu, kisha katekisimu kwa kuimbisha swali na jibu hadi vichwani mwa watoto wasiojua bado kusoma. Jioni aliongoza sala. Mtoto mchanga akizidiwa usiku, mwalimu ndiye aliyeamshwa kumbatiza kwa maji ya kata. Ugomvi wa mahari, mke aliyekimbia, mgonjwa wa kubebwa kwa machela hadi misioni: yote yalipita mlangoni kwake. Malipo yalikuwa madogo, na mara nyingi mke wake ndiye aliyelilisha kanisa kwa jembe lake.

Mtu mzima aliyetaka kubatizwa hakubatizwa kesho yake. Alivaa medali shingoni kuonyesha kwamba yumo katika mafundisho, akangoja miaka, akichunguzwa. Miezi ya mwisho wakatekumeni waliitwa kukaa misioni. Walikwenda wakibeba unga, chungu na jembe, wakasoma asubuhi na kulima mchana. Wanaume wenye wake wengi walipata mtihani mgumu kuliko wa katekisimu. Wapo waliowaacha wake wakabatizwa, na wapo waliokaa mlangoni mwa kanisa maisha yao yote, wakiwaleta watoto kila Jumapili na wao kubaki nje chini ya mti. Hao nao niwahesabu wapi? Katika kitabu cha ubatizo hawamo.

Kitabu hicho kina mambo yake. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, vichwa vya safu vimeandikwa kwa Kilatini: namba, jina, wazazi, msimamizi, mhudumu. Jina la nyumbani limekaa kando ya jina la mtakatifu, na watakatifu wenyewe wanaonyesha padre alikotoka. Ndiyo sababu hadi leo ukisoma majina ya darasa moja la Mbinga utakutana na Scholastika, Wendelin, Ottilia, Gallus na Meinrad wakiwa wamekaa dawati moja na kina Ndunguru, Kapinga na Komba. Atakayefunga ndoa bado anaulizwa namba ya ubatizo, na namba hiyo inarudi kwenye daftari la aina hiyo.

Litembo ilianzishwa mwaka 1914, katika uti wa mgongo wa Umatengo, na mwaka huohuo Wazungu wakaanza kupigana wao kwa wao. Risasi za kwanza za ziwani zilipigwa karibu na misheni ya Waanglikana: mwezi Agosti meli ya Waingereza Guendolen iliivizia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, iliyoitwa wakati huo Sphinxhafen, na kuilemaza. Mapigano yalizunguka nchi kavu hadi Septemba 1918, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipovuka tena Ruvuma kutoka Msumbiji na kupitia nchi ya Songea na askari wake wenye njaa. Wapagazi walikufa bila idadi. Nyuma ya jeshi ikaja homa ya mafua.

Vita ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini. Kwa miaka kadhaa vijiji vya Kitai, Kigonsera na Litembo havikuwa na padre wa kukaa nao. Hapo palikuwa na kila sababu ya Ukristo kufa. Ulikuwa mchanga, uliletwa na walioshindwa, na mahoka walikuwa bado wanajua njia. Haukufa. Walimu waliendelea kugonga chuma, kusomesha sala, kubatiza waliokuwa hatarini kufa na kuwazika waliokufa. Padre Gallus Steiger, Mswisi na kwa hiyo asiyehesabiwa adui wa Waingereza, alipokabidhiwa kusini mwaka 1922, alikuta waumini wakimsubiri, baadhi wamekaa miaka bila kuungama. Mimi nauhesabu muda huo kuwa ndio kuzaliwa hasa kwa usharika wa nchi hii. Mwaka 1899 ni tarehe ya majengo.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwani imeandikwa vizuri kwingineko. Peramiho ikawa abasia yenye jimbo lake mwaka 1931, Steiger akiwa abate na baadaye askofu. Kahawa ilishika milima ya Umatengo, chama cha ushirika cha Ngomat kikaundwa mwaka 1936, na fedha za kahawa zikaanza kubadilisha nyasi kuwa vigae na udongo kuwa tofali za kuchoma. Padre aliacha kutembea kwa miguu, akapanda baiskeli, kisha pikipiki, altare ya safari ikiwa imefungwa sandukuni nyuma yake. Kigonsera ilipata seminari, ambamo miaka ya 1950 alipita kijana wa Lupaso, Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa awamu ya tatu. Siku hizi Kigonsera ni sekondari ya serikali.

Jimbo la Songea liliundwa mwaka 1969, James Komba akiwa askofu wake. Mbinga ikapata jimbo lake Desemba 1986, chini ya Askofu Emmanuel Mapunda. Katikati ya mambo hayo mawili palitokea badiliko ambalo kwa vijiji vya barabarani lilikuwa zito kuliko yote mawili: Operesheni Vijiji ya 1974. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni walisogezwa kando ya barabara, na makanisa ya nyasi yakaachwa yalipokuwa. Katika baadhi ya vijiji, mahali alipofundisha mwalimu wa kwanza leo ni shamba la mahindi, na ni wazee wachache tu wanaoweza kukuonyesha ulipokuwa mlango.

Kumbukumbu za misioni zipo Peramiho na St. Ottilien, nyingi kwa Kijerumani, nazo zinataja kila padre na tarehe aliyoingia na kutoka. Mwalimu wa kijiji mara nyingi anatajwa kama mwalimu tu. Jina lake limebaki kwa wajukuu, katika cheti cha zamani ndani ya sanduku la mbao, au katika safu ya msimamizi kwenye daftari la ubatizo. Kwa hiyo ombi ni hili kwa viongozi wa vigango vya Kitai, Kigonsera, Litembo na Lituhi, wa Waanglikana wa ziwani pia: kaeni na wazee mwaka huu, ulizeni nani alifundisha hapa kwanza, alitoka wapi, alizikwa wapi, andikeni kwenye daftari la kawaida la shule, na nakala moja muipeleke ofisi ya parokia.