Fungu

Ming'oko, mizizi ya porini tunayoipenda huku kusini mwa Tanzania, sokoni Newala haina haja ya mizani. Ikishachemshwa hupangwa mafungu juu ya ungo, mikubwa mbele, midogo ikiegemea nyuma. Ikiadimika, bei haiguswi. Fungu ndilo linalopungua mng'oko mmoja, na mwenye sarafu moja bado anakula. Huo ni uhasibu hasa. Mng'oko uliobanwa hugeuka nyongeza ya mteja wa kila siku.

Neno lenyewe limetembea: fungu la kumi kanisani, fungu la mchanga baharini, fungu la bajeti bungeni. Mimi nalipenda zaidi sokoni, ambako mama muuzaji hulikadiria upya kila asubuhi, akiangalia mzigo ulioingia na kama wakulima wameshalipwa korosho zao.