Beira: Bandari inayoishi kwa mizigo ya majirani

Beira ni mji mkuu wa mkoa wa Sofala, katikati ya pwani ya Msumbiji, mahali ambapo mito ya Pungwe na Buzi inaingia Bahari ya Hindi. Una wakazi zaidi ya 500,000, na bandari yake ni ya pili nchini humo baada ya Maputo. Sehemu kubwa ya shehena yake ni ya Zimbabwe, Malawi na Zambia, nchi zisizo na bahari. Kwa mizigo ya Zambia na Malawi, Beira inashindana na Dar es Salaam.

Historia

Kusini mwa Beira ilikuwako bandari ya kale ya Sofala, ambako dhahabu ya bara ilisafirishwa kwenda Kilwa kabla Wareno hawajajenga ngome yao mwaka 1505. Beira yenyewe ilianzishwa na Wareno mwaka 1887. Kuanzia 1891 hadi 1942 eneo hilo lilitawaliwa na kampuni iliyopewa hati na serikali ya Ureno, Companhia de Moçambique. Reli ilifika Umtali, sasa Mutare, mwaka 1898. Mwaka 1935 daraja la mto Zambezi lilifunguliwa na kuiunganisha Beira na Malawi, wakati huo ikiitwa Nyasaland.

Mji ulijengwa hivyo kwa ajili ya mizigo ya wengine, na kila mgogoro wa jirani umeugusa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, manowari za Uingereza zililinda bahari ya Beira kuanzia 1966 hadi 1975 ili mafuta yasipite kwenye bomba la kwenda Umtali. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwezi Machi 1976 Rais Samora Machel aliufunga mpaka na Rhodesia, na bandari ikapoteza mteja wake mkubwa.

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 njia ilifunguliwa tena, lakini wapiganaji wa Renamo walishambulia reli, barabara na bomba. Askari wa Zimbabwe waliingia kulinda ushoroba huo, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa kupitia Afrika Kusini ya makaburu. Amani ilitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992.

Biashara na usafiri

Tangu 1998 gati za makontena na shehena mchanganyiko zinaendeshwa na kampuni ya Cornelder de Moçambique, ambayo shirika la bandari na reli la serikali, CFM, lina hisa ndani yake. Zinazoingia ni mafuta, mbolea, ngano na bidhaa za viwandani. Zinazotoka ni tumbaku, sukari, madini ya kromu, shaba na mawe ya granaiti. Makaa ya mawe ya Moatize yalianza kusafirishwa kwa reli ya Sena mwaka 2011.

Faida kubwa ya Beira ni umbali. Kutoka Harare ni chini ya kilomita 600, wakati Durban ni zaidi ya kilomita 1,600. Malori hupita barabara ya N6 hadi mpaka wa Machipanda, unaoitwa Forbes upande wa Zimbabwe. Lugha ya serikali ni Kireno, na wenyeji wengi husema Kisena na Kindau.

Vikwazo

Adui wa kwanza ni mchanga. Mto Pungwe hujaza mkondo wa meli bila kukoma, hivyo ni lazima uchimbwe mara kwa mara. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 6, na meli kubwa hungoja maji yajae ndipo ziingie.

Adui wa pili ni dhoruba, kwa kuwa mji uko chini sana. Kimbunga Idai kiliupiga usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji, na barabara ya N6 ilikatika, hata mizigo ya Zimbabwe ikakwama.

Njia fupi ina faida inapokuwa wazi. Msafirishaji anayepanga kupitia Beira huangalia zaidi ya kilomita: majira ya vimbunga, kuanzia Novemba hadi Aprili, kina cha mkondo, na hali ya siasa pande zote mbili za mpaka.