Maboma ya Rumaliza

Watu wengi husema kwamba vita vya Waarabu katika Maniema vilikwisha Kasongo ilipotekwa. Sivyo. Nyangwe ilianguka siku ya 4 mwezi wa tatu 1893, na Kasongo siku ya 22 mwezi wa nne. Penye Nyangwe, mto Lualaba ndio uliowazuia askari wa Leta muda wa majuma sita hivi, mpaka kamanda Dhanis alipopata mitumbwi ya Wagenia. Mashaka makubwa yalikuja nyuma.

Mwezi wa kumi mwaka ule Rumaliza, ndiye Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, alifika upande wa Kasongo na watu wengi. Hakutafuta kilele cha mlima. Alijenga boma. Miti mikubwa ilisimikwa, handaki likachimbwa, na ndani watu walikaa katika mashimo yaliyofunikwa kwa magogo na udongo. Mizinga ilipiga, nao wakatoka wazima. Tunapenda kuwacheka wajenzi wa matope. Lakini matope hayo yalimsimamisha Dhanis karibu miezi mitatu. Mwezi wa kumi Ponthier alijeruhiwa, akafa. Mwezi uliofuata akafa de Heusch. Sefu, mwana wa Tippo Tip, naye alikufa katika mapigano hayo.

Majina ya wakubwa yameandikwa. Je, wengine? Upande wa Leta walikuwako Wahausa, na Batetela wengi waliokuwa watu wa Ngongo Lutete, ambaye Leta yenyewe ilikuwa imekwisha kumwua kwa risasi siku ya 15 mwezi wa tisa. Ndani ya boma walikuwamo Wangwana na watumwa wao, watoto wa nchi hii hii. Kwa hiyo anayefundisha kwamba Wazungu walipigana na Waarabu, basi, amefundisha nusu tu.

Mwezi wa kwanza 1894 kombora liliangukia nyumba ya Rumaliza ndani ya boma. Majani ya paa yakawaka, moto ukaenea, askari wakaingia. Maboma mengine ya karibu hayakuvunjwa kwa mzinga: njia ya maji ilifungwa, na kiu ikawatoa watu nje baada ya siku chache. Kabambare ilitekwa mwezi ule ule. Rumaliza alikimbilia Tanganyika, akavuka mpaka upande wa Wadachi. Waliomchimbia mahandaki walibaki huku, wakahesabiwa mateka.