Aliyengojea Miaka Ishirini na Miwili

Wasomaji wetu wengi wanaujua mpira wa miguu, na wengine husahau hata chakula kwa ajili yake. Wamarekani nao wana mchezo wao, waupendao vilevile. Unaitwa besiboli. Leo twataka kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeucheza, mtu mweusi, ambaye wengi waliomwona walisema hawakupata kuona mkono kama wake. Jina lake ni Leroy Paige, lakini watu wote walimwita Satchel, maana yake mkoba.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa maana asiyeufahamu hataona ajabu ya mtu huyu. Mtupaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Mbele yake, umbali wa mita 18 na zaidi kidogo, amesimama mpigaji mwenye gongo la mti. Kati ya miguu ya mpigaji na ule upande wa pili pana kibao kilichotandikwa chini, upana wake sentimita 43 tu. Mtupaji apaswa kupitisha mpira juu ya kibao hicho, usipite juu ya kifua wala chini ya magoti. Mpira wenyewe ni mgumu, waenea katika kiganja cha mkono, na kwa mtupaji mwenye nguvu hufika kabla nusu ya sekunde haijaisha. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka, aje mwingine. Akiupiga vizuri, hukimbia kutoka kituo hata kituo, na akivizunguka vyote vinne amepata pointi moja. Basi wachezaji ni tisa kila upande, lakini mzigo wa vita humwangukia yule mmoja wa juu ya kichuguu. Yeye akiwa hodari, wenzake nyuma yake waweza kupiga miayo.

Satchel alizaliwa tarehe 7 mwezi wa saba mwaka 1906 katika mji wa Mobile, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Tukumbuke kidogo mahali hapo. Ni karibu na Mobile ambako mwaka 1860 ilifika merikebu Clotilda, merikebu ya mwisho inayojulikana kuleta watumwa wa Afrika Marekani, kwa siri, kinyume cha sheria. Watu wale waliokuja kwa merikebu hiyo walipopata uhuru walijenga kijiji chao nje ya mji, na Satchel alipokuwa mtoto baadhi yao walikuwa wangali hai. Utumwa ulikuwa umekwisha, lakini sheria za Kusini zilimtenga mtu mweusi katika shule, katika gari la moshi, katika hoteli, hata penye bomba la maji ya kunywa.

Baba yake alikuwa mtunza bustani, mama yake mfuaji wa nguo, na watoto walikuwa wengi, chakula kidogo. Mtoto akaenda stesheni ya gari la moshi kuchukua mizigo ya wasafiri, senti kumi kwa kila mkoba. Aliona kwamba kwa mkoba mmoja mmoja hatashiba, akatafuta mti na kamba, akaining'iniza mitatu minne pamoja. Wenzake wakamcheka kwamba amekuwa mti wa mikoba. Ndivyo alivyosimulia yeye. Rafiki yake mmoja wa utoto alisema tofauti, kwamba jina alilipata siku aliyojaribu kukimbia na mkoba wa mwenyewe! Sisi hatukuwapo.

Lakini wizi ulikuwapo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alikamatwa kwa kuiba vitu vidogo vya mapambo dukani, na tena alikuwa mtoro wa shule. Hakimu akampeleka katika nyumba ya kurudi watoto weusi huko Mount Meigs, mwaka 1918. Akakaa miaka mitano na zaidi. Wengi wangesema kijana kama huyo amekwisha potea. Lakini huko palikuwa na mwalimu wa michezo, Edward Byrd, aliyemwona mtoto mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyo na mwisho, akamfundisha kuinua mguu juu sana kabla ya kutupa, hata mpigaji asione mpira mpaka umekwisha kuruka. Alimfundisha pia kumtazama mpigaji magoti, kama mpigana na ng'ombe amtazamavyo ng'ombe, apate kujua anataka kufanya nini. Baadaye Satchel alisema kwamba alitoa miaka mitano ya uhuru wake apate kujua kutupa mpira. Ni bei kubwa kwa mtoto, lakini yeye hakuilalamikia.

Mwaka 1926 akaanza kucheza kwa mshahara katika mji wa Chattanooga. Na hapa ndipo penye kisa chetu. Zile timu kubwa za Marekani zilikuwa za weupe tu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Mwaka 1884 mtu mweusi mmoja, Moses Fleetwood Walker, alicheza katika timu kubwa ya Toledo. Lakini baada ya hapo wenye timu walipatana kimya kimya, mlango ukafungwa, na kwa zaidi ya miaka sitini hakuingia tena mtu aliyejulikana kuwa mweusi. Mapatano yasiyoandikwa ni magumu kuliko sheria: nani atayafuta, na iko wapi karatasi ya kuchana? Basi weusi wakaunda ligi zao wenyewe, tangu mwaka 1920, na humo Satchel akawa mfalme.

Alicheza Birmingham, alicheza Pittsburgh, na kila palipokuwa na fedha zaidi, huko akaenda, hata kama alikuwa ametia sahihi kwingine. Hatutaki kumfanya mtakatifu. Wenye timu walimlia na kumlaani. Mara nyingine watu wamejaa uwanjani, naye yuko mtoni avua samaki. Lakini siku aliyofika, watu walirudi nyumbani na hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Wakati wa kupasha mwili moto aliweka karatasi ya peremende juu ya kibao, akatupa mpira juu yake tena na tena. Katika michezo ya kutembea vijijini aliwaita wenzake wa nyuma waje wakae chini, kisha akawatoa wapigaji watatu peke yake. Usiku, baada ya kushangiliwa na weupe na weusi pamoja, alitafuta mahali pa kulala katika mji ambao hoteli zake hazikumpokea. Mara ngapi wachezaji wale walilala ndani ya basi lao!

Mwaka 1937 alivuka bahari kwenda Jamhuri ya Dominika, ambako mtawala Trujillo, mtu mkatili aliyeupa mji mkuu jina lake mwenyewe, alitaka timu yenye jina hilo ishinde. Satchel akawachukua pamoja naye wenzake wengine mashuhuri, kama Josh Gibson na James Bell. Walishinda. Baadaye Satchel alipenda kusimulia jinsi askari wenye bunduki walivyosimama kando ya uwanja siku ya mwisho, na jinsi alivyohesabu kwamba kushindwa ni kufa. Tumpunguzie kidogo, kama tulivyozoea kwa wasimulizi wa vita, lakini kwamba Trujillo aliwaua watu kwa maelfu mwaka ule ule wa 1937, hilo halihitaji chumvi.

Mwaka 1938, huko Meksiko, mkono ulikataa. Asubuhi moja hakuweza hata kuuinua. Waganga wakamwambia hatatupa tena. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kazi nyingine hakuijua. Wale waliompigia magoti jana sasa hawakumwandikia hata barua. Mtu mmoja tu alimchukua, mzungu J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Monarchs ya Kansas City. Akamweka katika timu yake ya pili, iliyozunguka vijijini, ambapo watu walilipa waone jina tu, maana mpira alioutupa mtoto angeweza kuupiga. Akavumilia, akisuguliwa mkono kwa mafuta. Kisha siku moja, hakuna ajuaye kwa nini, maumivu yakaondoka. Lakini wakati wa ugonjwa alikuwa amelazimika kujifunza hila: mpira wa kupinda, mpira wa polepole, na ule wa kusitasita, ambapo mguu umekwisha kutua chini na mkono bado hauji. Nguvu ziliporudi alikuwa navyo vyote viwili.

Mwaka 1942 timu yake ikashinda ile ya Homestead Grays katika mashindano ya mwisho ya ligi za weusi. Ndipo alipomshinda rafiki yake Josh Gibson, mpigaji wa kutisha kuliko wote, vituo vyote vikiwa vimejaa wapinzani. Satchel alisema aliwajaza makusudi ili ampate Gibson katika hali hiyo. Magazeti ya siku zile yasema vituo vilijaa kweli na Gibson akatoka kweli. Hilo la makusudi hayalijui.

Sasa twafika kwenye jeraha. Mwezi wa kumi mwaka 1945 Branch Rickey, mkubwa wa timu ya Dodgers ya Brooklyn, alimwandikisha Jackie Robinson, na mwezi wa nne 1947 Robinson akaingia uwanjani kati ya weupe. Mlango ulifunguka. Robinson alikuwa na miaka ishirini na sita alipochaguliwa, amesoma chuo kikuu, amekuwa ofisa wa jeshi. Naye alikuwa ametoka katika timu ile ile ya Satchel, mwaka mmoja tu ndani yake. Satchel alikuwa na thelathini na tisa. Ni yeye aliyewaonyesha weupe kwa miaka ishirini kwamba mtu mweusi aweza. Ni yeye aliyewatoa wachezaji wao wakubwa katika michezo ya kirafiki baada ya msimu, hata Dizzy Dean, mtupaji mashuhuri wa weupe, akamsifu wazi. Mbele ya watu Satchel alisema wamechagua vema. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1962, alikiri kwamba iliuma. Sisi hatuoni ubaya katika maungamo hayo. Josh Gibson hakupata hata kuuma huko: alikufa mwezi wa kwanza 1947, akiwa na miaka thelathini na mitano, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia.

Mwishowe, tarehe 7 mwezi wa saba 1948, siku ya kutimiza miaka arobaini na miwili, Satchel alitia sahihi kwa timu ya Cleveland. Mwenye timu, Bill Veeck, alipenda vituko, na mhariri wa gazeti kubwa la besiboli akaandika kwamba hiki nacho ni kituko, kumchukua mzee ili kujaza viti. Viti vilijaa, hilo ni kweli. Tarehe 3 mwezi wa nane walikuja watu 72,434. Tarehe 20 wakaja 78,382, wakamwona akiizuia timu ya Chicago isipate hata pointi moja. Kwa jumla msimu ule alishinda michezo sita, akashindwa mmoja. Cleveland wakawa mabingwa kwa tofauti ndogo sana, kwa hiyo ushindi ule sita haukuwa wa kuchezea. Katika mashindano ya mwisho ya mwaka, tarehe 10 mwezi wa kumi, alitupa kwa dakika chache tu, akawatoa wapigaji wawili. Alikuwa mtupaji wa kwanza mweusi katika mashindano hayo.

Watu walizidi kumwuliza umri. Alijibu kwamba mbuzi alikula Biblia ya nyumbani iliyoandikwa siku yake ya kuzaliwa. Karatasi za serikali huko Mobile zilikuwapo, na Veeck alizitafuta akazipata. Lakini mbuzi alipendeza zaidi.

Aliendelea St. Louis hata 1953, kisha tena barabarani, mji kwa mji. Mwaka 1965 timu ya Athletics ya Kansas City ikamwita kwa mchezo mmoja. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Wakamwekea kiti cha kubembea kando ya uwanja, na muuguzi, ili watu wacheke. Akainuka, akatupa zamu tatu mbele ya timu ya Boston, na mmoja tu aliupiga mpira akafika kituoni. Alipotoka, taa zilizimwa, na watu wakawasha viberiti gizani.

Tena palikuwa na habari ya pensheni. Mchezaji alipaswa kuwa ametimiza miaka mitano katika timu kubwa, na Satchel alipungukiwa siku 158. Miaka yake yote kati ya weusi haikuhesabiwa hata siku moja. Mwaka 1968 timu ya Atlanta ikamwandikisha kama mwalimu apate kuzitimiza.

Mwaka 1971 wakubwa wa besiboli walitangaza kwamba jina lake litawekwa katika nyumba ya kumbukumbu ya Cooperstown, lakini katika sehemu ya kando, ya wachezaji wa ligi za weusi. Watu wakapiga kelele, na kabla ya siku yenyewe, tarehe 9 mwezi wa nane, sehemu ya kando ilifutwa. Akaingia kwa mlango wa wote. Ile hesabu ya ligi za weusi ilikawia zaidi: ni mwaka 2020 tu ilipokubaliwa kwamba nazo zilikuwa ligi kubwa, na 2024 tarakimu zao zikaunganishwa na za wengine.

Tarehe 5 mwezi wa sita 1982 uwanja mmoja wa Kansas City ulifunguliwa upya kwa jina lake. Alifika katika kiti cha magurudumu, akitafuta pumzi. Siku tatu baadaye akafa nyumbani kwake, katika mji ule ule.