Ukungu wa Bonde la California
Bonde la Kati la California, nchini Marekani, limezungukwa na milima. Majira ya baridi, baada ya mvua, hewa baridi hutuama humo, na hewa ya joto huifunika mithili ya kawa. Ukungu hukaa siku nyingi. Wenyeji huuita kwa jina la tule, mafunjo ya vinamasi ambavyo vingi vilikaushwa kwa kilimo.

Tangu 1930 hata 1970 ukungu ulizidi, kwani moshi uliupa chembe za kushikia unyevu. Baada ya sheria ya hewa safi ya 1970, moshi ulipungua, na ukungu nao. Msafiri aliyeogopa kugongana njiani akashukuru. Mkulima wa lozi na cheri akahuzunika, maana mti usiopata baridi ya kutosha hauchanui vema.

Basi mwanahistoria asidhani ukungu ni kazi ya mbingu peke yake: tanuri limo ndani yake, na sheria pia.